Kutoka ukingo wa Stanage hadi magenge ya Kolo: pori tunalolitembea limetengenezwa na nani?

Mtembezi wa Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikisoma nyuzi za matembezi humu kwa muda mrefu bila kuchangia, lakini safari yangu ya Kolo, Kondoa, ya wiki mbili zilizopita imenirudisha kwenye jambo lililonikuta ughaibuni, na nimeona ni afadhali niliandike kwa urefu kuliko kuendelea kulibeba peke yangu.

Nilipokuwa masomoni Sheffield, Uingereza, mwenzangu wa bweni alinichukua Jumamosi moja ya mwezi Agosti, tukapanda treni hadi kituo cha Hathersage, safari isiyofika nusu saa, kisha tukapandisha kwa miguu hadi mahali panapoitwa Stanage. Stanage ni ukingo wa mwamba unaokwenda takriban kilomita 6. Ukiufuata kuelekea kaskazini-magharibi, upande wako wa kushoto ardhi inakatika ghafla na kuporomoka wima, na upande wa kulia kuna tambarare ya juu isiyo na mti, inayokwenda hadi inapokutana na mawingu. Mahali pake pa juu kabisa hapafiki hata mita 460 kutoka usawa wa bahari, maana yake ni kwamba mkazi wa Dodoma mjini analala juu zaidi ya hapo kila siku. Hata hivyo upepo wa pale ulinifanya niamini kwamba niko kileleni mwa dunia.

Tambarare hiyo yote imefunikwa na kijichaka kimoja, kigumu, kisichofika goti, ambacho wataalamu wa mimea wanakiita Calluna vulgaris na wenyeji wanakiita kwa jina ambalo kwa matamshi yetu nitaliandika heza. Mwezi Agosti heza huchanua yote kwa pamoja, na nyika nzima hugeuka zambarau, si zambarau ya kung'aa bali ile ya kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Udongo wa chini yake ni mweusi, ni mboji iliyoshiba maji kama sifongo, na ukikanyaga vibaya mguu unazama hadi kwenye kifundo.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa chini ya genge. Pale wamelala mawe ya kusagia ya mviringo, makubwa, yaliyochongwa kutoka kwenye mwamba uleule na kuachwa soko lilipokufa. Nilisimama nikamkumbuka bibi yangu wa Bahi na jiwe lake la kusagia uwele, ambalo lingeweza kukaa ndani ya tundu la katikati la moja ya mawe yale. Juu ya mwamba nako kuna vibakuli vilivyochongwa jiweni, kila kimoja kikiwa na namba yake na kijifereji cha kukusanya maji ya mvua. Nilidhani ni vya kondoo. Mwenzangu akaniambia kwamba vilichongwa kwa ajili ya ndege wa jamii ya kwale, grausi, wanaofugwa porini ili matajiri wawawinde kwa bunduki kuanzia tarehe 12 Agosti hadi tarehe 10 Desemba.

Hapo ndipo aliponiambia neno lililonishangaza. Nyika ile niliyokuwa nikiisifia kuwa pori halisi haikuwa pori la asili hata kidogo. Zamani sana palikuwa na miti. Watu wa kale waliikata na kuichoma, mifugo ikala machipukizi, na baadaye wenye ardhi wakaendelea kuichoma heza kwa vipande vipande, kila kipande baada ya miaka kadhaa, ili kila wakati kuwe na machipukizi laini ya kuwalisha grausi na vichaka virefu vya kuwaficha. Ukiangalia kutoka mbali unaviona viraka hivyo kama nywele zilizonyolewa na kinyozi aliyeitwa nje katikati ya kazi.

Sasa nije Kolo. Tangu barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, mtu anaweza kuondoka mjini alfajiri na kuwa Kolo kabla jua halijawa kali. Nililipia kiingilio katika ofisi ya mambo ya kale, nikapewa kiongozi, tukaingia kwa gari katika njia ya vumbi na kisha tukapanda kwa miguu hadi kwenye mapango ya Mungomi wa Kolo. Michoro yenyewe ya kale ya miambani imeandikwa sana, na eneo zima liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, kwa hiyo sitaieleza. Ninachotaka kusema kinahusu kingo. Baada ya kuona michoro tulitembea juu ya magenge kwa muda wa saa tatu hivi, mashariki kukiwa na nyika ya Wamasai iliyolala chini kama mkeka, na mgongoni kwetu miti iliyofungamana kiasi kwamba kiongozi alitangulia akiinua matawi kwa fimbo. Nilimwambia kwamba nimefurahi kuona mahali ambapo mwanadamu hajapagusa. Alicheka, akanijibu kwamba mwaka aliozaliwa yeye sehemu kubwa ya milima ya Irangi ilikuwa mifupa ya udongo mwekundu.

Nilikuwa nimerudia kosa lilelile la Stanage. Ndiyo maana nauliza: kwa wale mnaotembea katika kingo hizi za Kondoa, pori hili limetengenezwa na nani, na tunapolitembea tunatembea juu ya kazi ya nani?

---

Kijana wa Chang'ombe

Mkuu, uzi mzuri, lakini umeruka mambo ambayo sisi watembeaji tunayataka kwanza. Je, hatari za huko zikoje ukilinganisha na hizi za kwetu? Mimi nimezoea vilima vya mawe vya hapa mjini, na mwezi ujao nakusudia kwenda Kolo na wenzangu wanne. Pili, kuna yeyote anayejua kama hiyo heza ina ndugu hapa Tanzania?

---

Mwalimu wa Baiolojia

Swali la pili nitalijibu mimi, la kwanza nawaachia wenye miguu.

Heza ya Ulaya yenyewe haipo kwetu, ila jamaa zake wa karibu wapo. Yeyote aliyepanda Kilimanjaro amepita katikati yao bila kujua, pale msitu unapoisha na kuanza ukanda wa vichaka vyenye majani membamba kama sindano, vilivyotundikwa ndevu za kuvu-mwani. Ile ni mimea ya jenasi Erica, ya familia moja na heza. Tofauti kubwa ni kimo, kwa sababu ya kwetu inaweza kuwa mti kamili unaompita mtu mara kadhaa, na ile ya Uingereza haimfichi hata mbwa.

Sasa niongeze juu ya moto, kwa kuwa mwanzisha uzi ameugusa na kuuacha. Moto uleule unaoitunza nyika ya heza kule, kwetu Kilimanjaro unaiharibu. Moto wa mara kwa mara umeushusha mpaka wa juu wa msitu na kuigeuza misitu ya Erica kuwa vichaka vifupi, na ule wa Oktoba 2020 ambao nchi nzima iliufuatilia uliunguza sehemu kubwa ya ukanda huo. Kwa hiyo anayesema moto ni adui na anayesema moto ni mlezi wanaweza wote kuwa sahihi, kila mmoja kwenye mlima wake.

Hata hivyo, kule nako mambo si shwari. Mboji ya chini ya heza ni ghala la kaboni lililojengwa kwa maelfu ya miaka, na ikikauka au ikiungua haijirudishi katika umri wa mtu. Ndiyo sababu mwaka 2021 zilitungwa kanuni Uingereza za kuzuia kuchoma bila kibali juu ya mboji yenye kina cha zaidi ya sentimita 40 katika maeneo yaliyohifadhiwa maalumu. Isitoshe, moshi wa viwanda vya Manchester na Sheffield uliua ukoga wa majimaji unaojenga mboji yenyewe, na sehemu nyingi za nyanda zile zikabaki uchi, zikakatika makorongo. Mtu wa Kondoa akionyeshwa picha za makorongo yale meusi atayatambua mara moja, isipokuwa kwa rangi.

---

Mrangi wa Pahi

Mtembezi wa Nkuhungu, nimekusoma tangu juzi, na nimesita kujibu kwa kuwa jibu lake ni refu na lina ng'ombe ndani yake.

Kiongozi wako alisema kweli. Ardhi yetu ilianza kukatika zamani. Wakati wa ukoloni miti ilifyekwa katika maeneo mapana ili kuwafukuza mbung'o, watu na mifugo wakaongezeka katika sehemu zilizofunguliwa, na mvua zetu ambazo huja kwa miezi michache lakini kwa hasira zikafanya kazi iliyobaki. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao kila mtu anaujua kwa jina la HADO. Walichimba makinga maji kwa matingatinga, wakapanda miti na mkonge, na udongo ukaendelea kuondoka. Ndipo mwaka 1979 ikaamuliwa kwamba mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, kiasi cha kilomita za mraba 1,256. Si kwamba ipunguzwe. Iondoke yote.

Mimi nilikuwa kijana wa kuchunga. Nakumbuka tulivyoondoka na ng'ombe wa marehemu baba kuteremka kwa ndugu zetu wa chini, na nakumbuka mama akigawa mtungi wa mwisho wa maziwa ya mgando kwa majirani, kwa sababu kesho yake hakukuwa na wa kukamua. Sisemi haya ili nimlaumu mtu. Miaka michache baadaye majani yalikuwa yamenifikia kiunoni mahali ambapo nilikuwa nikiteleza kwenye udongo mtupu, na miti haikuja kwa kupandwa, ilichipuka yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa ikiliwa kila ilipochomoza kichwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa wachache bandani kwa kukatiwa majani. Watu wakajifunza ufugaji mpya.

Kwa hiyo ukiuliza unatembea juu ya kazi ya nani, mimi nakujibu kwamba unatembea juu ya malisho yetu. Hao wa kwako huko Uingereza walichoma ili mwenye ardhi apate ndege wa kuwinda. Sisi tuliondoa ng'ombe ili ardhi ipone. Usiyaweke katika kapu moja kwa haraka.

---

Mtembezi wa Nkuhungu

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, na nakubali kwamba nililinganisha kwa haraka. Naomba nitetee sehemu moja tu ya ulinganisho wangu, kwa sababu nadhani inakuunga mkono.

Kule nako kulikuwa na watu waliotolewa juu ya nyika. Baada ya ardhi za wote kugawiwa kwa sheria na kuwekewa kuta za mawe, mfanyakazi wa kiwandani aliyetaka kupanda mlima siku yake moja ya mapumziko alifukuzwa na walinzi wa ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda kwa makusudi mlima Kinder Scout bila ruhusa. Benny Rothman, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alikuwa miongoni mwa viongozi wao, naye na wenzake wanne walifungwa kwa miezi kati ya miwili na sita. Mwaka 1951 eneo hilo, pamoja na Stanage, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, na sheria ya mwaka 2000 ndiyo iliyompa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu juu ya nyika zilizoainishwa kwenye ramani, hata kama ardhi ni ya mtu binafsi. Nilipotembea pale bila kuulizwa na mtu, nilikuwa natumia haki iliyolipiwa na wengine, na sikujua hadi nilipoambiwa.

Tofauti, mzee, ninaiona hivi: wale waliofungwa walikuwa wanadai kuingia, na ninyi mliambiwa mtoke. Lakini mimi mgeni, huku na kule, nimefika baada ya bei kulipwa.

---

Mrangi wa Pahi

Marahaba mwanangu. Hapo tumeelewana.

---

Fundi wa Njia

Nirudi kwa Kijana wa Chang'ombe, maana swali lake la kwanza limesahauliwa na ndilo linaloweza kumwokoa mtu. Nimetembea magenge ya Kolo mara nyingi kwa ajili ya kazi.

Jambo la kwanza, mapango haya ni miamba iliyochomoza mbele kama baraza. Anayetembea juu haoni kwamba chini yake ni tupu. Unaposogea ukingoni upate picha nzuri ya nyika ya Wamasai, huenda umesimama juu ya dari, na pembeni mwa dari hiyo jiwe limepasuka kwa karne na karne za jua la mchana na baridi ya usiku. Kaa nyuma ya ufa wowote unaouona ukienda sambamba na ukingo, na kama ni lazima uchungulie, lala kifudifudi. Najua inaonekana kichekesho. Nimewahi kumshika mtu kwa mkanda wa suruali, na tangu siku hiyo sioni kichekesho.

Jambo la pili ni nyuki. Wanakaa ndani ya nyufa za miamba, na wanachukia kelele, manukato na moshi. Ukisikia mvumo, rudi ulikotoka kimyakimya, usikimbilie ukingoni. Pimbi utawaona wengi wakiota jua, na hao hawana neno, ila mahali penye pimbi nyoka naye hayuko mbali, kwa hiyo usitie mkono katika ufa usiouona ndani. Kifutu hulala katikati ya njia na hakupishi.

Maji: usipungukiwe na lita 3 kwa kila mtu. Wazungu wana kanuni yao iliyotungwa na Mskoti mmoja, Naismith, mwaka 1892, ya kuhesabu saa moja kwa kila maili tatu na saa nyingine kwa kila futi elfu mbili za kupanda, yaani takriban kilomita 5 na mita 600. Ni kanuni nzuri kwa mtu anayetembea kwenye ubaridi. Kwetu, baada ya saa nne asubuhi, iongezee nusu yake, na baada ya saa sita tafuta kivuli ukae. Wakati mzuri ni Juni na Julai. Kati ya Desemba na Aprili miamba huteleza, na vijito vikavu vya asubuhi vinaweza kukuzuia kurudi jioni.

---

Mtembezi wa Nkuhungu

Nakushukuru Fundi. Naongeza kutoka upande wa pili kwamba Stanage adui mkubwa si joto wala nyoka, ingawa nyoka mwenye sumu yupo. Ni ukungu. Unashuka ndani ya dakika chache, ukingo unapotea, na tambarare ya heza haina alama yoyote ya kukuongoza, hivyo asiye na dira huzunguka. Mwamba wao una chembe nene zinazoshika kiatu vizuri ukiwa mkavu, lakini penye ukoga wa kijani ukilowa ni kama sabuni. Kupe wapo pia, wanakusubiri kwenye vichaka na wanaweza kuambukiza ugonjwa, kwa hiyo soksi juu ya suruali, kama ninavyofanya Kolo. Na kuanzia tarehe 1 Machi hadi tarehe 31 Julai anayetembea na mbwa katika nyika zile analazimika kumfunga kamba isiyozidi mita 2, kwa sababu ndege wanataga chini.

---

Mama wa Kelema

Habari zenu. Naomba nami niseme neno, hasa kwa hao vijana watano wanaokuja mwezi ujao.

Mungomi wa Kolo si makumbusho peke yake. Watu bado hupanda pale kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Mkikuta dalili za tambiko, msiguse na msipige picha kabla ya kumuuliza kiongozi wenu. Na michoro msiimwagie maji ili ionekane vizuri kwenye simu, jambo ambalo nimeona likifanywa na watu waliosoma. Rangi iliyodumu kwa karne nyingi inaweza kuondoka kwa chupa moja ya maji ya dukani. Alichosema Fundi kuhusu dari nakikazia kwa sababu nyingine: mkiwasha moto au mkijisaidia juu ya mwamba, maji ya mvua yatakayofuata yatateremka juu ya michoro.

---

Kijana wa Chang'ombe

Shukrani kwenu nyote, nimejifunza zaidi ya nilichouliza. Mzee wa Pahi, kwa heshima, naomba kuuliza: tukifika Kolo, kuna njia ya kutembea ukingoni hadi upande wa Pahi kwa miguu, au tunalazimika kurudi barabarani? Na tukipita katika malisho ya watu, tumwombe nani ruhusa?

---

Mrangi wa Pahi

Njia ipo, ni ile tuliyopita na ng'ombe, ingawa sehemu nyingine miti imeifunga na utahitaji mtu wa kukuonyesha. Ruhusa ya mapango utaipata ofisini Kolo. Ya kupita kijijini utamwona mwenyekiti wa kijiji, ukimsalimia kwanza na kumweleza shida yako baadaye. Usianze na shida.

Ondokeni Kolo mapema, saa kumi na mbili na nusu muwe mmeshaanza kupanda. Mimi magoti hayaniruhusu tena kupanda hadi juu, lakini mjukuu wangu anaijua njia hadi kwenye jiwe tulilokuwa tukiwanyweshea ndama maji ya mvua. Halina namba kama yale ya Uingereza. Mwambieni awaonyeshe, kisha mniletee habari kama bado linashika maji.